Namna ya Kuutazama Muziki wa Filamu kwa Masikio

Watu wengi hutoka kwenye filamu nzuri wakikumbuka sura za waigizaji, maneno waliyosemezana na jinsi kisa kilivyoisha, lakini ukiwauliza muziki uliingia wapi na ukanyamaza wapi, hawana la kujibu. Si kosa lao, kwa kuwa mtunzi hodari hufanya kazi yake chini kwa chini, akaufikisha muziki moyoni kabla sikio halijatambua. Hata hivyo, zipo filamu ambazo muziki wake na picha zake vimelingana kwa ubora kiasi kwamba anayezitazama bila kusikiliza hupata nusu tu ya kile alichoandaliwa. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuzichagua filamu za aina hiyo, na jinsi ya kuzitazama ili nusu ya pili isikupite.

Katika kuchagua, kipimo ninachokitumia ni kimoja: je, muziki huu unanieleza jambo ambalo picha yenyewe haikulisema? Muziki unaohuzunika pale mhusika anapolia na kwenda mbio pale anapokimbia unaweza kuwa mtamu, lakini unarudia tu yale ambayo macho yamekwisha kuyaona. Ule unaostahili jioni yako nzima ni ule ambao ukiondolewa, maana ya onyesho hubadilika. Kwa kipimo hicho, nyimbo nyingi zinazopendwa sana huanguka, kwa sababu zinasimama vizuri peke yake hata filamu yake ikisahauliwa; na filamu nyingi kubwa huanguka vilevile, kwa sababu muziki wake ungeweza kubadilishwa na mwingine asiwepo mtu wa kulalamika.

Ninashauri pia usiifanye orodha ya tuzo kuwa dira yako. Muziki ambao Bernard Herrmann aliutunga kwa ajili ya Psycho, filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960, haukupendekezwa hata kushindania Oscar. Muziki wa The Mission ya mwaka 1986, ambao wapenzi wengi wa Ennio Morricone wanauhesabu miongoni mwa kazi zake bora kabisa, ulipendekezwa lakini haukushinda. Wala usipime ubora kwa muda uliotumika kutunga: Jerry Goldsmith aliutunga muziki wa Chinatown ya mwaka 1974 kwa siku kumi tu, baada ya muziki wa mtunzi mwingine kukataliwa, na bado tarumbeta yake ya upweke ndiyo inayoibeba filamu ile tangu majina ya mwanzo mpaka picha ya mwisho.

Ukishachagua filamu, itazame mara ya kwanza kwa ukamilifu, bila kusimamisha na bila kuchambua chochote. Jambo la lazima katika hatua hii ni chombo cha kutolea sauti. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti nzito za chini, na kuna muziki ambao uhai wake wote umo humo, kwa hiyo tumia spika za masikioni zilizo nzuri kiasi au spika kubwa za sebuleni. Usiruke mwanzo. Lawrence of Arabia ya David Lean, iliyotoka mwaka 1962, katika nakala kamili huanza kwa dakika kadhaa za skrini nyeusi huku okestra ikipiga utangulizi wa Maurice Jarre. Mtu asiyejua hudhani mashine imeharibika na kusogeza mbele, ilhali utangulizi ule umewekwa makusudi ili jangwa, likija kuonekana, liwe tayari limeshaingia masikioni.

Hatua ya pili ndiyo inayofundisha zaidi, nami ningependa uifanye kwa uvumilivu: chagua onyesho moja na ulitazame bila sauti kabisa. Psycho inafaa kuliko zote kwa zoezi hili, lakini usianzie kwenye lile tukio la mauaji ya bafuni ambalo kila mtu analijua. Anzia mapema zaidi, pale Marion Crane, aliyetoroka na dola 40,000 za watu, anapoendesha gari kuelekea usiku na mvua. Zima sauti, na utaona mwanamke anashika usukani, anatazama mbele, taa za magari mengine zinammulika, vipangusa vya kioo vinakwenda huku na huku. Hakuna kingine. Angeweza kuwa anakwenda kumsalimia dada yake. Sasa rudisha sauti, na ala za nyuzi za Herrmann, zinazorudia rudia kifungu kilekile kifupi bila kupumzika, zinakugeuzia picha ileile kuwa ya mtu anayekimbizwa na dhamiri yake. Woga wote wa onyesho lile umo katika muziki.

Ukiwa hapo, sikiliza kwamba hakuna tarumbeta, hakuna ngoma, hakuna filimbi. Herrmann alitumia ala za nyuzi peke yake, na alieleza kuwa alitaka sauti ya rangi nyeusi na nyeupe ilingane na picha ambayo nayo ilikuwa nyeusi na nyeupe. Uamuzi huo wa kujinyima ndio uliompa nguvu, kwa maana fidla ambayo masikio ya watu yalikuwa yameizoea kwa mapenzi na machozi inageuka kuwa kitu kinachokata. Hitchcock, kwa upande wake, alikusudia mauaji ya bafuni yaonyeshwe bila muziki wowote. Herrmann alitunga kinyume na agizo hilo, na mwongozaji aliposikia, alikubali kwamba mtunzi ndiye aliyeona sawasawa. Lipitie onyesho hilo kwa njia zote mbili, kwanza bila sauti na kisha kwa sauti, uamue mwenyewe. Mimi sijawahi kusita kuhusu upande wa haki.

Hatua ya tatu ni kufuatilia muziki unaingia lini na unatoka lini, na hapa utahitaji kalamu na karatasi. Andika dakika muziki unapoanza, dakika unaponyamaza, na neno moja tu kuhusu kilichokuwa kikitokea. Jaws ya Steven Spielberg, ya mwaka 1975, ni darasa zima la somo hili. John Williams aliijenga hofu ya papa kwa noti mbili zilizo jirani, zikipigwa na selo na besi, ala za nyuzi zenye sauti nzito, chini kabisa, polepole kwanza na kisha kwa kasi inayoongezeka kadiri mnyama anavyokaribia. Papa wa mitambo aliyetengenezwa kwa ajili ya filamu alikuwa akiharibika mara kwa mara katika maji ya bahari, kwa hiyo kwa muda mrefu hatumwoni waziwazi, na noti zile mbili ndizo zinazokaa mahali pake. Mtazamaji anamwona papa kwa masikio.

Lakini karatasi yako itakuonyesha jambo kubwa zaidi ya hilo. Watoto wawili wanapowatisha watu ufukweni kwa pezi la bandia, umati unakimbia kwa mayowe, na noti zile hazisikiki. Muziki haukudanganyi: usipousikia, papa hayupo. Filamu inakufundisha kuiamini ahadi hiyo, na ikishaona umeiamini, inaivunja, kwani mkuu wa polisi anapomwaga chambo baharini nyuma ya mashua, papa anainua kichwa bila muziki wowote kumtangulia. Anayeshtuka pale anashtushwa na ukimya, na bila kufuatilia dakika kwa dakika ni vigumu kutambua hivyo. Hii ndiyo sababu ninasisitiza kalamu, ingawa najua wengi watapenda kuiacha.

Swali la kuuliza katika kutazama kwa mara nyingine ni hili: muziki huu ni wa nani? Katika Once Upon a Time in the West ya Sergio Leone, ya mwaka 1968, wahusika wakuu wanne wana kila mmoja mahadhi yake, na Morricone alikuwa ameyatunga mahadhi makuu kabla ya upigaji picha kuanza, hivi kwamba Leone aliyapiga pale pale kwenye seti ili waigizaji na kamera waende kwa mwendo wake. Ndiyo maana watu katika filamu ile wanatembea kana kwamba wanasikia kitu. Mmoja wao hana jina; badala ya kujibu maswali, anapuliza hamonika. Mara ya kwanza unaichukulia sauti ile kama tabia yake tu. Filamu inakaa na siri hiyo mpaka pambano la mwisho, na pale inapoeleza hamonika ile ilitoka wapi, kila mara uliyoisikia tangu mwanzo inabadilika maana. Sitaeleza zaidi, kwa sababu aliyeharibiwa siri hiyo hawezi kurudishiwa. Angalia tu kwamba filamu hiyohiyo, yenye muziki mkubwa namna hiyo, inafunguliwa kwa dakika nyingi zisizo na muziki: watu watatu wanangoja treni, kinu cha upepo kinakwaruza, tone la maji linadondokea kofia, nzi anazunguka uso. Mtunzi aliyekwisha kutunga mahadhi ya kupendeza akakubali yasipigwe kwanza anastahili heshima ya pekee.

Kwa kuwa nimeutaja ukimya, usiuache katika hesabu yako. Katika King Kong ya mwaka 1933, Max Steiner hakuweka muziki katika maonyesho ya mwanzo mjini New York. Muziki unaanza meli inapoingia kwenye ukungu kukikaribia kisiwa, na hapo unahisi umevuka mpaka wa dunia ya kawaida. Akira Kurosawa alifanya kinyume katika Ran ya mwaka 1985. Ngome inaposhambuliwa, sauti zote za vita zinaondolewa, tunaona mishale, moto na watu wanaoanguka, na kinachosikika ni muziki wa Toru Takemitsu peke yake, wa polepole, kama wa mtu anayetazama kutoka mbali sana asiweze kuzuia. Kisha mlio mmoja wa bunduki unaukata, na makelele ya vita yanarudi yote kwa pamoja. Litazame onyesho hilo bila kupumzika katikati.

Hatua ya nne, kusikiliza muziki peke yake bila filamu, ni fupi. Ifanye baada ya kutazama, wala si kabla, na ufahamu kwamba albamu mara nyingi haifuati mpangilio wa filamu. Ile ya Jaws iliyouzwa mwaka 1975, kwa mfano, ilirekodiwa upya kwa ajili ya kusikilizwa nyumbani. Faida yake ni kwamba utasikia ala ambazo picha ilikuzuia kuzisikia. Ukiona onyesho linarudi akilini bila kuliita, ujue kwamba kwako viwili hivyo vimeshikana.

Ukitaka kuendelea, tafuta kazi zilizofanywa kwa ala chache, kwa sababu ndani yake hakuna pa kujificha. The Third Man ya Carol Reed, ya mwaka 1949, inatumia zita moja tu, ala bapa ya nyuzi za kudonoa, iliyopigwa na Anton Karas wa Vienna, na uchangamfu wa nyuzi zake juu ya magofu ya mji uliotoka vitani unakufanya usijue kama ucheke au uogope. Mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis na wanamuziki wenzake wanne waliupiga muziki wa Ascenseur pour l'échafaud, filamu ya kwanza ya kisa ya Louis Malle, mjini Paris, Desemba 1957, kwa usiku mmoja, wakibuni papo hapo huku vipande vya filamu vikionyeshwa mbele yao.

Nimeiweka mwisho Pather Panchali ya Satyajit Ray, ya mwaka 1955, kwa sababu inafaa itazamwe na mtu ambaye masikio yake yameshazoea kazi hii. Muziki ni wa Ravi Shankar, na sehemu kubwa ulirekodiwa katika kikao kimoja kirefu. Kuelekea mwisho, baba anarudi kijijini kutoka safari ndefu, amebeba zawadi, hajui yaliyotokea nyumbani kwake. Anazitoa moja moja mbele ya mkewe. Mama anafungua kinywa kulia, lakini sauti yake hatuisikii. Mahali pake inasikika tar shehnai, ala ya nyuzi inayopigwa kwa uta, juu kabisa, karibu na ukomo wa ala yenyewe. Ray aliona kwamba kilio cha mtu mmoja kisingetosha. Onyesho hilo usilichambue usiku uleule. Liache siku mbili tatu, kisha ulirudie kwanza bila sauti na baadaye kwa sauti, na ukimaliza, Aparajito ya mwaka 1956, ambayo Ray na Shankar waliifanya pamoja, inaendeleza kisa cha familia hiyohiyo. Nayo ianze kwa hatua ya kwanza, bila kalamu, taa zikiwa zimezimwa.