Poka ya Texas kwa maharage: jinsi ya kucheza na kuweka dau

Chukua pakiti moja ya karata, toa majokeri, zibaki 52. Chukua na nusu kilo ya maharage makavu, umhesabie kila mchezaji punje 100. Hayo maharage ndiyo pesa yetu. Nimefundisha hisabati sekondari hapa Tanga kwa miaka mingi, na wapwa zangu nimewafundisha poka hivi hivi, bila shilingi hata moja mezani. Kwanza, nyumbani kwetu kamari haichezwi. Pili, mtu anayewaza hela ya mchele hawezi kufuata hesabu, na poka ni hesabu.

Huu si ule mchezo wa kijiweni ambao mshindi ni anayemaliza karata mkononi. Ninaofundisha ni Texas Hold'em, ambao mwaka 2007 bunge la jimbo la Texas, Marekani, liliutambua mji mdogo wa Robstown kuwa ndiko ulikozaliwa. Kila mmoja anapewa karata mbili za siri. Baadaye karata tano zinafunuliwa katikati ya meza, nazo ni za wote. Katika hizo saba unachagua tano zinazokufaa zaidi, na hizo ndizo mkono wako. Ukishindanishwa na wenzako mkono wako ukawa mkubwa, fungu lote la maharage yaliyowekwa katikati ni lako. Lakini kuna njia nyingine ya kushinda: wenzako wote watupe karata zao kabla ya mwisho. Hapo unachukua fungu bila kuonyesha chochote, hata kama mkononi huna kitu.

Mikono, kuanzia mdogo: karata kubwa tu bila jozi, jozi moja, jozi mbili, tatu za namba moja, mfululizo (kama 5-6-7-8-9 za mchanganyiko), tano za aina moja (kwa mfano kopa tupu), tatu na jozi kwa pamoja, nne za namba moja, na juu ya yote, mfululizo wa aina moja. Ree, ile yenye herufi A, ndiyo kubwa kuliko zote, ila katika A-2-3-4-5 inakaa chini kama moja. Kopa, uru, shupaza na maua ni sawa, hakuna inayoishinda nyingine, wala hakuna turufu. Usikariri orodha kama shairi. Elewa kwamba mkono mgumu kupatikana ndio mkubwa: karata tano kutoka 52 zinaweza kupangika kwa njia 2,598,960, na kati ya hizo zenye jozi moja tu ni 1,098,240, wakati zenye nne za namba moja ni 624.

Sasa dau, ambako ndiko mchezo wenyewe uliko.

Mgawaji hubadilika kila raundi, zamu ikienda kushoto. Kabla karata hazijagawiwa, aliye kushoto kwake anaweka dau dogo la lazima, tuseme punje 1, na anayefuata anaweka dau kubwa la lazima, punje 2. Bila hayo kila mtu angekaa akisubiri ree mbili, na ree mbili huja wastani wa mara moja katika migao 221. Mgawaji anachanga, anakatisha, anagawa moja moja hadi kila mtu awe na mbili.

Wa kwanza kusema ni aliye kushoto kwa dau kubwa. Ana njia tatu: kutupa karata zake, kulipa punje 2, au kupandisha. Anayepandisha lazima aongeze angalau kiasi kile kile kilichoongezwa mara ya mwisho. Kwa hiyo kutoka 2 ni hadi 4 au zaidi. Mtu akipandisha hadi 6 ameongeza 4, na anayefuata akitaka kupandisha lazima afike 10. Taja kiasi kabla hujasogeza maharage, na ukishataja kimekufunga. Kuweka kidogo, kuangalia uso wa mwenzako, kisha kuongeza tena, mimi siruhusu mezani kwangu. Mzunguko unakwisha pale wote waliobaki wamelipa sawa.

Hapo mgawaji anatupa karata moja kifudifudi, anafunua tatu. Dau linazunguka tena, safari hii akianza aliyebaki wa karibu kushoto kwa mgawaji. Kama hakuna aliyeweka kitu, unaweza kupita bila kulipa: gonga meza tu. Kisha karata ya nne, dau. Ya tano, dau la mwisho.

Tufanye mfano mmoja taratibu. Tuko wanne na wewe uko kwenye dau kubwa, umeshika ree na 7, zote kopa. Wa kwanza anapandisha hadi 6, mgawaji analipa, dau dogo anatupa na punje yake 1 inabaki katikati, wewe unaongeza 4. Fungu lina 19. Zinafunuliwa 9 ya kopa, 4 ya kopa na mfalme wa shupaza. Una kopa nne, unahitaji moja tu. Unapita. Yule aliyepandisha anaweka 5, mgawaji anatupa. Ulipe?

Kopa ziko 13, umeona nne, zimebaki 9. Karata usizoziona ni 47. Basi karata ijayo itakufaa mara 9 na itakuangusha mara 38, yaani kukosa ni zaidi kidogo ya mara nne ya kupata. Sasa tazama bei: unaombwa 5 ili ugombee 24, karibu mara tano. Fungu linalipa kuliko hatari, lipa. Angeweka 15, ungeombwa 15 kwa ajili ya 34, mara mbili na kitu. Karata ni zile zile, kopa ni zile zile, lakini sasa unatupa, isipokuwa una hakika kwamba ukipata kopa atakulipa mengi zaidi baadaye. Wapwa zangu hupenda kulipa “nione tu”. Huko kuona tu ndiko kunakomaliza maharage ya wageni wa mchezo huu, kuliko bahati mbaya yoyote. Kila unapoombwa dau, uliza bei kwanza.

Na nafasi ya kukaa ina thamani. Mgawaji anasema mwisho baada ya karata tatu kufunuliwa, akiwa ameshawasikia wote. Kwa hiyo cheza mikono mingi zaidi ukiwa huko, na michache ukiwa wa kwanza kusema. Jozi ya 10 kwenda juu, au ree na mfalme, cheza popote. Mfalme na 4 za aina tofauti, tupa bila majonzi.

Ukiishiwa katikati ya mkono hufukuzwi. Una punje 8 na wenzako wawili wanawekeana 20: weka zote 8, na utagombea 8 za kila mmoja wao. Zinazozidi zinatengwa fungu la pembeni, na wewe humo huna haki.

Dau la mwisho likiisha, anayeonyesha kwanza ni aliyeweka au kupandisha dau mara ya mwisho. Wote mkiwa mmepita, anaanza aliye karibu kushoto kwa mgawaji. Laza karata zote mbili wazi mezani, hata kama unatumia moja tu. Mikono ikilingana kwa karata zote tano, fungu linagawanywa sawa, na punje isiyogawanyika anapewa yule kati ya walioshinda aliye karibu zaidi kushoto kwa mgawaji.