Mkanda wa pikapu unalia? Kagua kwanza, nunua baadaye

Huku Njombe, kati ya Juni na Agosti, huhitaji kufungua boneti kujua pikapu ipi ina shida ya mkanda wa injini. Alfajiri, wenye kubeba viazi wanapowasha gari kwenye baridi na umande, utasikia mlio mkali unaopasua mtaa mzima, kisha baada ya muda unanyamaza. Mwenye gari anasema, "Hiyo ni feni belti, nitanunua nyingine." Ananunua, anafunga, na baada ya wiki chache mlio umerudi. Magari mengi ya namna hii yanafika kwangu yakiwa tayari na mkanda mpya. Ndiyo maana nasisitiza: mkanda mara nyingi unalia kwa sababu ya kitu kingine. Tafuta hicho kitu kwanza.

Nitatumia mfano wa Hilux Vigo ya dizeli, maana zimejaa huku, na ina mkanda mmoja mpana wenye mistari upande wa ndani. Pikapu nyingine zenye mkanda wa aina hii hukaguliwa vivyo hivyo. Za zamani zaidi, zenye mikanda myembamba ya umbo la V, nitazigusa mbele.

Jambo la usalama halina mjadala. Injini ikiwa inazunguka, vua skafu, kunja mikono ya koti, funga nywele, na mwenye kanga akae mbali. Mkono usivuke upande wa feni hata kidogo. Unapotaka kushika mkanda au puli (magurudumu ambayo mkanda unapita juu yake), zima gari, chomoa ufunguo na uweke mfukoni mwako mwenyewe.

Sasa sikiliza. Mlio mrefu wa kuvuta, unaopanda ukikanyaga mafuta au ukiwasha AC, ni mkanda unaoteleza. Mlio mfupi wa kukatika-katika, chi-chi-chi kama kifaranga, unaofuata mzunguko wa injini, mara nyingi ni puli ambazo hazijakaa kwenye mstari mmoja. Na sauti ya kusaga au kunguruma ni ya beringi, wala usiulaumu mkanda.

Mlio wa asubuhi pekee una maelezo yake. Dizeli ikiwa baridi, plagi za kupasha moto na stata hula umeme mwingi wa betri. Injini ikishika tu, alteneta inaanza kurudisha chaji kwa nguvu na inakuwa nzito kuzungusha, wakati huohuo mkanda una umande na mpira wake umekakamaa kwa baridi. Ukilia kidogo na kuacha, tenshena (kifaa kinachoukaza mkanda) inaweza kuwa imechoka, au mkanda umeisha, au betri imekufa nusu na kila asubuhi inaidai alteneta kupita kiasi. Pima betri kabla hujagusa kitu kingine. Wengi huliruka hili kwa sababu gari bado linawaka.

Kisha iongezee injini mzigo, kitu kimoja kimoja. Washa taa zote na feni ya ndani, sikiliza. Washa AC, sikiliza. Kata usukani hadi mwisho, uachie mara moja. Mlio ukija na kitu fulani, umepata pa kuanzia. Lakini fuata njia ya mkanda kwa macho kwanza, maana kuna injini ambazo pampu ya stelingi inazungushwa na gia za ndani, na hapo kukata usukani hakutakuambia lolote kuhusu mkanda.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha maji. Chukua chupa ya kunyunyizia yenye maji safi. Injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila kukanyaga mafuta, simama pembeni, nyunyiza kidogo kwenye upande wa mkanda wenye mistari. Mlio ukinyamaza kisha ukarudi maji yakikauka, shida ni mpangilio wa puli. Mlio ukizidi, mkanda unateleza: kagua tenshena, uchakavu, au kitu kizito kuzunguka. Usipobadilika kabisa, nenda kwenye beringi. Ni maji tu. Usipake sabuni ya kipande, usipulize dawa ya mkanda, na dizeli usiiweke karibu. Vitu hivyo vinanyamazisha kwa siku kadhaa, vinaacha utando kwenye puli, na fundi atakayefuata hatapata tena jibu la kweli kwa kipimo cha maji.

Zima gari, chukua tochi. Watu hutafuta nyufa, lakini mikanda mingi ya sasa imetengenezwa kwa mpira wa EPDM ambao huweza kuisha bila kupasuka. Unalika taratibu mpaka mifereji ya mkanda inapanuka na mistari inazama hadi kugusa chini ya mifereji ya puli. Hapo hauwezi tena kukaba. Ukiona mistari imechongoka, au mkanda unang'aa kama umepakwa vanishi, umekwisha hata kama hauna ufa hata mmoja. Angalia pia oili na kulanti (maji ya kupoza injini). Oili ikitoka kwenye sili ya mbele ya krenki (shafti kuu ya injini), au maji yakichuruzika kwenye kitundu cha chini cha pampu ya maji, mkanda mpya utaharibika kama wa kwanza. Ziba uvujaji, osha puli, kisha ndiyo ufikirie mkanda.

Kabla ya kuutoa, piga picha ya njia yake kwa simu. Legeza tenshena kwa spana: mkono wake uende na kurudi laini, kwa nguvu, bila kukwama wala kucheza pembeni. Mkanda ukishatoka, zungusha kila puli kwa mkono. Ya kupokelea mkanda, ambayo haiendeshi chochote, ndiyo hufa mapema. Ukisikia mchanga ndani yake, badilisha. Tikisa puli ya pampu ya maji, isicheze. Alteneta za dizeli nyingine zina puli yenye klachi ndani, inayoshika upande mmoja na kuachia upande wa pili. Ikishika pande zote mbili imekufa, na utakuwa umeona mkono wa tenshena ukirukaruka injini ikiwa sailensa.

Unaweza kuwasha injini bila mkanda kwa sekunde chache tu, gari likiwa limesimama, kwa kuwa hakuna pampu ya maji wala chaji. Mlio ukitoweka, uko kwenye vitu vinavyozungushwa na mkanda. Ukibaki, geukia injini yenyewe.

Mpangilio: laza rula ndefu ya chuma kwenye nyuso za puli. Tazama puli ya krenki kwa makini. Nyingi zina mpira katikati, na mpira ukiachia puli huyumba. Ila kosa ninalolikuta sana ni dogo zaidi: mkanda umefungwa ukiwa umehama mfereji mmoja kwenye puli moja. Pitisha kidole puli zote kabla ya kuwasha.

Kwa Hilux za zamani zenye injini za 2L na 3L na mikanda ya V, mkazo unarekebishwa kwa bolti ya alteneta. Bonyeza katikati ya sehemu ndefu kwa kidole gumba: ubonyee kama sentimita moja. Usikaze mpaka uwe kamba ya gitaa, utaua beringi za alteneta na pampu ya maji. Na hizi nakuomba usizichukulie kirahisi. Pampu ya vakyumu ya busta ya breki iko nyuma ya alteneta. Mkanda ukikatika unateremka mlima Kitonga na gunia za viazi nyuma, chaji inakata, joto linapanda, na baada ya kukanyaga mara chache pedali ya breki inakuwa ngumu kama jiwe. Mwenye gari la aina hiyo anayeniambia "acha ulie, nitafika tu Dar", huwa namzuia kuondoka.

Ukithibitisha kwamba mkanda wenyewe ndio umeisha, soma namba mgongoni mwake. Ukiandikwa 6PK1500, una mistari 6 na urefu wa milimita 1500. Puli ya alteneta ikiwa ilibadilishwa huko nyuma kwa ya ukubwa mwingine, namba ya kitabu inaweza isikae, kwa hiyo funga mkanda halafu tazama alama za tenshena: kielekezo kikae ndani ya alama mbili. Kikiwa nje, rudisha mkanda dukani kabla haujachafuka.