Kukuza Makrofaji kutoka kwenye Seli Shina za Binadamu

Makrofaji ni seli za kinga zinazomeza vijidudu pamoja na mabaki ya seli zilizokufa. Zile zinazotokana na damu ya mtu mzima hazigawanyiki ipasavyo maabarani, na ndiyo maana watafiti wengi huanzia kwenye seli za kawaida zilizorudishwa katika hali ya seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, mbinu ambayo Shinya Yamanaka na wenzake waliitumia kwa seli za binadamu mwaka 2007. Seli hizo huongezeka kwa muda mrefu na hubaki na jeni za mtu aliyetoa sampuli kwa ridhaa yake.

Kazi hii ikiharibika, mara nyingi huharibika kabla hata haijaanza. Usitumie seli shina ambazo makundi yake yana kingo zilizochakaa au seli zilizotanuka pembeni, wala zile ambazo hazijapimwa kromosomu na mykoplasma. Bakteria huyo hana ukuta wa seli, hivyo penisilini haimdhuru, na anaweza kuzagaa bila kuyachafua majimaji machoni pako.

Zikiwa safi, zitenganishe moja moja kwa kimeng'enya kisicho kikali, kisha uongeze kizuizi cha ROCK, yaani dawa inayozuia kimeng'enya cha jina hilo, kwa siku ya kwanza, kwa kuwa seli shina za binadamu zikitengwa ghafla hufa kwa wingi. Weka takriban seli 10,000 katika kila kishimo cha sahani isiyonasa seli, na uzizungushe taratibu kwenye sentrifuji ili zikusanyike kuwa kibonge kimoja. Kwa siku nne hivi vibonge hivyo hulishwa BMP4, VEGF na SCF, protini zinazovielekeza kwenye njia ya damu.

Baada ya hapo vihamishie kwenye chupa kubwa yenye M-CSF, nanogramu 100 kwa mililita, na IL-3, nanogramu 25, protini mbili zinazochochea ukuaji wa seli za damu. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, maana kwa wiki mbili za mwanzo huenda usione chochote cha maana chini ya hadubini, nawe hupaswi kuitikisa chupa wala kuvigusa vibonge vilivyoshika sakafu yake. Kuanzia wiki ya tatu au ya nne huonekana seli za mviringo, zenye kung'aa, zikielea zenyewe: hizo ni monosaiti, seli ambazo baadaye hugeuka kuwa makrofaji. Zivune kila wiki kwa kunyonya sehemu tu ya majimaji, urudishe mapya, na chupa hiyohiyo itaendelea kuzaa kwa miezi kadhaa.

Zilee monosaiti kwa M-CSF pekee kwa muda wa wiki moja, hadi zinase na kutanuka. Alama za CD45 na CD14, ambazo ni protini za juu ya seli, zitakuambia kwamba ni za ukoo unaotakiwa, lakini mimi nisingeridhika na alama peke yake: zipe chembe za hamira zilizotiwa rangi, uone kama zinazimeza. Ukilinganisha watoaji wawili, zikuze seli zao sambamba na uandike wiki ya kila mavuno, kwa sababu mavuno ya kwanza huwa na mchanganyiko mwingi kuliko yanayofuata.