Jinsi ya Kumrudishia Mzee Nguvu za Misuli Nyumbani

Mzee anapoinuka barazani kwa kushika mwimo wa mlango, watu husema ni umri tu. Mara nyingi ni misuli iliyopungua. Upungufu huo huanza taratibu baada ya miaka 30, kwa kiasi cha asilimia 3 hadi 8 katika kila miaka kumi, ukazidi kasi baada ya 60. Na madhara yake hayaishii miguuni, kwa kuwa misuli ndiyo ghala kuu linalopokea sukari baada ya mlo. Ghala likipungua, sukari hukawia kwenye damu, na kisukari hupata mlango. Mizani haitoshi kuonyesha hali hiyo, kwani mafuta huweza kushika nafasi ya misuli na uzito ukabaki uleule.

Pima kwanza. Egemeza ukutani kiti cha kawaida kisicho na mikono (baraza haifai, kwani nyingine ni fupi na nyingine ndefu), kisha mzee akunje mikono kifuani, ainuke wima na kukaa mara 5 huku ukihesabu sekunde na kusimama karibu naye. Akizidi sekunde 15, au akishindwa kabisa bila kujisukuma kwa mikono, mpeleke kituo cha afya, akapimwe pia sukari na presha.

Kipimo hicho ndicho zoezi lenyewe. Afanye mikupuo 2 ya mara 8, akishuka polepole, kwa siku 2 au 3 za wiki zisizofuatana; asiyeweza aongezewe mto mgumu juu ya kiti, na mto huo uondolewe atakapozoea. Aongeze kusukuma ukuta na kuinua chupa za lita 1 zilizojaa maji, ambazo baadaye zitajazwa mchanga, kwa sababu misuli isiyoongezewa uzito haioni haja ya kukua. Kutembea hadi msikitini kunafaa sana kwa moyo, lakini hakuchukui nafasi ya mazoezi haya. Anayetumia insulini akitetemeka au kutokwa jasho jembamba, aache mazoezi mara moja, apimwe sukari na apewe kitu kitamu, kwani huenda sukari yake imeshuka mno.

Kwenye chakula ndiko tunakokosea zaidi. Mzee wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72 za protini kwa siku, ilhali katika nyumba nyingi samaki huliwa mchana tu, na asubuhi na usiku ni chai na mkate. Gawa protini katika milo yote: mayai mawili asubuhi yana gramu 12 hivi, na usiku pika kunde, maharage au dagaa. Mwenye meno mabovu achambuliwe samaki ndani ya mchuzi. Katika Ramadhani, daku isiwe wali mtupu, na mazoezi yafanywe baada ya kufuturu. Mwenye maradhi ya figo amuulize daktari kabla ya kuongeza protini.

Limebaki jambo la heshima. “Kaa kitako bibi, nitakuletea mimi,” tunasema, hata kwa kikombe cha maji, na hivyo tunamnyima mazoezi ambayo angeyapata bila kuyahesabu. Kama magoti yake yanaruhusu, mwachie mbuzi yake ya kukunia nazi: iko chini kuliko kiti, na kila anapoinuka hapo mapaja yake hufanya kazi kubwa.