Rili Ndogo za Kale: Anza na Mguu
Ukitaka kununua rili ya kale, kile kifaa cha kukunjia mshipi wa kuvulia samaki, ipindue utazame mguu wake, ile sehemu bapa inayofungwa kwenye fimbo ya kuvulia. Cardinal 3 ya kampuni ya ABU, kutoka Uswidi, huwa na tarakimu hapo: mbili za kwanza ni mwaka, mbili zinazofuata mwezi. 770500 ni Mei 1977. Mitchell 308 ya Ufaransa usiichanganye na 300, iliyo kubwa zaidi.

Sasa zungusha mkono polepole. Ikikwaruza, huenda gia zimelika, usiinunue. Ikiwa nzito tu, mara nyingi ni grisi iliyoganda, na hiyo inatibika: osha gia za chuma kwa mafuta ya taa, kausha, paka grisi kidogo. Bisibisi ijae mfereji wa skrubu, maana skrubu iliyochubuka hushusha thamani. Na rili usiipake rangi mpya, hata ile ya zamani ikikukera.