Fedha za elimu maalumu Marekani: zinatoka wapi, na ufanye nini ukiambiwa bajeti haipo

Mzazi anaitwa shuleni kuzungumzia mtoto wake mwenye usonji, au yule ambaye kila akishika kitabu herufi zinamkimbia. Anaeleza anachokiona nyumbani, anaomba msaada, kisha anajibiwa kwa upole kwamba shule ingependa sana kusaidia, ila bajeti haitoshi. Wengi wetu tumekulia kwenye shule za michango: mchango wa dawati, wa mlinzi, wa masomo ya jioni. Mtoto mwenye ulemavu akipata nafasi kwenye kitengo maalumu, hata kiwe wilaya ya pili, familia inamshukuru Mungu na kunyamaza. Kwa hiyo mkuu wa shule wa Marekani akitaja bajeti, tunaitikia, tunaaga kwa heshima, tunarudi nyumbani mikono mitupu.

Nimekaa kwenye vikao hivi kama mkalimani, na kuna jambo natamani kila mzazi alijue kabla hajavuka mlango wa shule. Huku, upungufu wa fedha ni mzigo wa wilaya ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za umma za eneo, na wa jimbo. Kisheria hautoshi kuwa sababu ya kumnyima mtoto huduma anayoihitaji. Ukishaijua njia ambayo fedha hupita, utajua pia kwa nini shule inazungumza inavyozungumza, na hutayumba.

Haki ilitangulia, fedha zikafuata nyuma

Novemba 1975 Rais Gerald Ford alisaini sheria ya elimu kwa watoto wote wenye ulemavu. Kabla ya hapo majimbo mengi yaliweza kumfungia mlango mtoto kiziwi au mwenye ulemavu wa akili bila kuulizwa na mtu. Sheria hiyo leo inaitwa IDEA. Inampa mtoto mwenye ulemavu, kwa kawaida kuanzia miaka 3 hadi 21, elimu ya umma inayomfaa, bila malipo. Mahitaji yake huandikwa kwenye mpango wake binafsi unaoitwa IEP, na mpango huo lazima upitiwe upya angalau mara moja kwa mwaka. Kuhusu hati za uhamiaji, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1982, katika kesi ya Plyler iliyotoka Texas, kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto shule kwa sababu hana karatasi. Mtoto wa mkimbizi, wa mwenye viza na wa asiye na hati, wote wanaingia kwa mlango mmoja.

Sheria ilipopitishwa, Kongresi, yaani bunge la Marekani, iliweka kiwango ambacho serikali kuu ingeweza kufika katika kuchangia: asilimia 40 ya wastani wa gharama ya mwanafunzi mmoja kitaifa, kwa kila mtoto mwenye ulemavu. Miaka ya karibuni imekuwa ikitoa chini ya asilimia 15. Pengo lote linalobaki linazibwa na jimbo pamoja na wilaya ya shule, ambayo sehemu kubwa ya mapato yake ni kodi ya majengo ya eneo hilo. Ndiyo maana wilaya mbili zinazopakana zinaweza kutofautiana kama mbingu na ardhi. Kwangu hii ni dhuluma ya wazi: waliotunga wajibu walilipa sehemu ndogo, kisha wakamwachia mwalimu wa darasani kazi ya kumtazama mzazi usoni.

Jambo lingine ambalo wazazi wengi hawalijui: fedha za serikali kuu hazipandi kwa sababu mtoto wako amegunduliwa leo. Tangu mabadiliko ya mwaka 1997, nyongeza hugawanywa hasa kwa kuangalia idadi ya watoto wote katika jimbo, na sehemu ndogo kwa kiwango cha umaskini. Shule ikikuambia haitapata senti ya ziada kutoka Washington kwa ajili ya mwanao, huenda inasema kweli. Ila wajibu wake unabaki palepale.

Kentucky, na hesabu ya mtoto mmoja

Kila jimbo lina kanuni yake. Naichukua Kentucky kwa sababu Louisville na Lexington zimejaa familia kutoka Kongo na Burundi, nyingi zilizopitia kambi kama Nyarugusu, na Kiswahili kinasikika kwenye korido za shule huko kila siku.

Jimbo hilo huanza na kiasi cha msingi kwa kila mwanafunzi. Mwaka wa masomo 2023–24 kilikuwa dola 4,200. Juu yake huwekwa kizidisho kulingana na aina ya ulemavu. Mtoto mwenye usonji, kiziwi au asiyeona ana kizidisho cha 2.35, yaani dola 9,870 za ziada. Mwenye ugumu mahususi wa kujifunza, kwa mfano kusoma au hesabu, ana 1.17, sawa na dola 4,914. Anayehitaji tiba ya usemi pekee ana 0.24, ambayo ni dola 1,008.

Sasa fikiria mtoto anayehitaji msaidizi wa kukaa naye kutwa nzima. Mshahara wa msaidizi huyo kwa mwaka unazipita dola 9,870 kwa mbali. Inayobaki inatoka kwenye mfuko wa jumla wa wilaya, ule ule unaolipa walimu wengine. Hapo ndipo sauti za kikaoni hubadilika. Tena kuna suala la tarehe: fedha hizi za nyongeza hufuata hesabu ya watoto inayofanywa Desemba 1 ya mwaka uliotangulia. Familia ikitua Louisville mwezi Januari, shule inaanza kumhudumia mtoto wakati nyongeza yake ya jimbo haijafika. Lazima imhudumie hivyo hivyo.

Uliza mtoto ameandikwa kundi gani la ulemavu, na kwa nini. Nimeona watoto waliochelewa kuzungumza wakiandikiwa tiba ya usemi tu, huku mama akieleza mambo mengine kumi ambayo hayakuingia kwenye karatasi. Kumbuka lakini kwamba jina la kundi linagusa fedha za wilaya. Huduma za mtoto zinatakiwa zipangwe kwa mahitaji yake yote, hata yale yasiyohusiana na jina hilo.

Majimbo mengine yana njia zao. California huzigawa fedha hizi hasa kwa idadi ya wanafunzi wote, bila kujali wangapi wana ulemavu. Massachusetts hurudishia wilaya sehemu ya gharama pale mtoto mmoja anapogharimu kupita kiwango fulani. Minnesota hulipa sehemu ya matumizi, na wilaya huziba pengo kutoka mfuko wake wa jumla. Malalamiko juu ya pengo hilo yalikuwa makubwa hata bunge la jimbo likaongeza msaada mwaka 2023.

Texas ina historia ambayo kila mzazi anayeishi Houston, Dallas au Fort Worth anapaswa kuijua. Mwaka 2004 wakala wa elimu wa jimbo uliweka kipimo kilichoziona wilaya kuwa na kasoro kama wanafunzi wenye elimu maalumu walizidi asilimia 8.5. Wastani wa taifa ulikuwa kama 13. Wilaya zikaelewa ujumbe. Watoto waliohitaji kupimwa wakapewa programu nyingine, wakaambiwa wasubiri, wazazi wakachoshwa. Gazeti la Houston Chronicle lilifichua jambo hilo mwaka 2016, kipimo kikafutwa 2017, na Januari 2018 Wizara ya Elimu ya Marekani ikatamka kwamba Texas ilikuwa imevunja sheria. Kwa hiyo ukihisi mtoto wako anazungushwa, usidhani ni ugeni wako unaokudanganya.

Wakitaja bajeti, omba maandishi

Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ilisikiliza kesi iliyotoka Cedar Rapids, Iowa, mji ambao leo una Wakongo na Warundi wengi. Mwanafunzi aliyepooza kuanzia shingoni alipumua kwa mashine na alihitaji mtu wa kumhudumia muda wote awapo shuleni. Wilaya ilidai gharama ni kubwa mno. Majaji 7 dhidi ya 2 waliamua kwamba wilaya lazima imlipie. Mwaka 2017, katika kesi ya Endrew F. ya Colorado, mahakama hiyo hiyo ikasema mpango wa mtoto lazima umwezeshe kupiga hatua inayolingana na hali yake. Maendeleo madogo mno hayatoshi.

Kwa hiyo ukiambiwa "hatuna fedha", jibu kwa utulivu: "Nimewaelewa. Naomba uamuzi huo kwa maandishi, pamoja na sababu zake." Sheria inailazimu wilaya kutoa taarifa ya maandishi kila inapokataa ombi la mzazi, ieleze imekataa nini, kwa nini, na imetumia vipimo gani. Mara nyingi neno bajeti halifiki kwenye karatasi hiyo, kwa sababu wanaoiandika wanajua haliwezi kusimama.

Ombi la kwanza kabisa, la kupimwa, nalo lipeleke kwa maandishi. Sentensi chache zinatosha: "Mimi ni mzazi wa mwanafunzi fulani wa darasa la tatu. Naomba apimwe kwa ajili ya elimu maalumu kwa sababu hawezi kusoma maneno mafupi na hafuati maelekezo ya hatua mbili. Naomba mkalimani wa Kiswahili kwenye vikao vyote." Weka tarehe, baki na nakala. Ukishasaini ridhaa ya vipimo, sheria ya shirikisho inaipa shule siku 60, isipokuwa jimbo lako limeweka muda wake. Vipimo ni bure. Usipokubaliana na matokeo, unaweza kuomba mtaalamu wa nje ampime mtoto kwa gharama ya wilaya. Wilaya ama italipa, ama itaomba kesi ya kuthibitisha kwamba kipimo chake kilikuwa sahihi.

Mkalimani analipwa na shule. Usikubali kaka yake mtoto mwenye miaka 12 afanye kazi hiyo. Vilevile mtoto apimwe kwa lugha na kwa njia itakayoonyesha anachokijua. Aliyefika juzi kutoka Kigoma hawezi kuitwa mlemavu kwa sababu tu hajui Kiingereza, na kinyume chake, shule haitakiwi kukuambia usubiri ajue Kiingereza ndipo wampime. Huduma ya Kiingereza na elimu maalumu ni mambo mawili, yana fedha tofauti, na mtoto anaweza kupata yote kwa pamoja.

Ukurasa wa huduma ndio wa kuusoma kwa kidole

IEP inaweza kufika kurasa ishirini. Nenda moja kwa moja kwenye jedwali la huduma. Utakuta mstari kama huu: tiba ya usemi, dakika 30, mara 2 kwa wiki, chumba cha nje ya darasa, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza. Kilichomo humo wilaya inawajibika kukitoa, iwe na mtaalamu au iajiri wa nje. Kilichosemwa kwa mdomo kikaoni na hakimo humo, hesabu hakijasemwa. Ukiona "inapohitajika" mahali panapotakiwa dakika, omba namba.

Katika rundo hilo kuna fomu nyingine ya kusaini, inayohusu Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Tangu 1988 sheria inaziruhusu shule kuidai Medicaid kwa baadhi ya tiba zilizomo kwenye IEP, na fedha hizo husaidia wilaya nyingi. Lazima uridhie kwanza, na unaweza kuondoa ridhaa baadaye. Shule haiwezi kukulazimisha ujiandikishe Medicaid, haiwezi kukutoza chochote, na ukikataa mtoto anaendelea na huduma zote. Kama suala lenu la uhamiaji bado halijatulia, ongea na wakili wa uhamiaji kabla ya kusaini.

Jihadhari pia na vocha, yaani fedha za jimbo za kumhamishia mtoto shule binafsi. Zinavutia, hasa Florida na Texas. Lakini mzazi akimtoa mtoto mwenyewe kwenye shule ya umma, mtoto hubaki bila haki binafsi ya huduma zote zilizokuwa kwenye IEP yake. Uliza kwanza shule hiyo mpya ina wataalamu gani, na nani atawalipa.

Mkihama jimbo, beba IEP mkononi. Wilaya mpya lazima impe mtoto huduma zinazofanana na hizo hadi itakapoandaa mpango wake. Ripoti za hospitali za Nairobi au Dar es Salaam hazina nguvu ya IEP, lakini zitafsiriwe na ziwekwe kwenye faili. Timu inapaswa kuzizingatia.

Machi 2025 Rais Trump alisaini amri ya kuelekea kuifunga Wizara ya Elimu, na hofu imeenea kwenye magrupu yetu ya WhatsApp. IDEA ni sheria ya Kongresi, haifutwi kwa amri ya rais.

Mambo yakikwama, kila jimbo lina kituo cha mafunzo kwa wazazi wa watoto wenye ulemavu kinachofadhiliwa chini ya IDEA, na msaada wake ni bure. Waombe wakusomee IEP kabla hujaisaini. Upatanishi kati yako na wilaya nao ni bure. Unaweza pia kupeleka malalamiko ya maandishi kwenye idara ya elimu ya jimbo bila wakili, kwa ukiukaji uliotokea ndani ya mwaka mmoja. Eleza sheria ilivunjwa wapi, ambatanisha jedwali la huduma na orodha ya vipindi ambavyo mtoto hakupewa, weka saini. Jimbo lina siku 60 za kuchunguza na kutoa uamuzi, na linaweza kuiagiza wilaya ifidie vipindi vilivyopotea. Nakala ya malalamiko hayo ipelekee wilaya wakati huohuo, la sivyo hayajatimiza masharti.