Kuokota na kutambua makombe kwenye ufuo wa Kisumu

Lile kombe lenye umbo la pepeo, unaloliona kwenye nembo ya vituo vya petroli vya Shell, hutalipata ziwani. Mwenyewe huishi kwenye maji ya chumvi, na Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, ni maji matamu. Ukiokota kipande chake ufuoni Dunga, hapa Kisumu, basi kimesafiri na mtu kutoka Mombasa au kimemwagika kutoka kwenye chakula cha kuku. Ziwa lina makombe yake, na si machache.

Nenda kama saa mbili asubuhi. Upepo wa mchana huvuma kutoka ziwani na kusukuma mawimbi, kwa hiyo makombe ya jana yanakungoja kwenye ule mstari wa takataka. Usiwahi gizani, kwa sababu viboko huwa bado wanarudi majini kupitia mafunjo. Magugu maji yaliyotupwa nchi kavu yakung'ute mizizi juu ya gunia. Konokono wadogo hunasa humo, na wengi wao hutawaona mchangani kamwe.

Vaa gambuti na glavu, na usiingie majini. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono hai na kupenya ngozi ya mtu aliye ndani ya maji, hasa jua likiwa kali. Gamba tupu lililokauka halina neno.

Kombe la pande mbili ligeuze ndani. La pepeo lina kovu moja kubwa la msuli katikati, na masikio mawili kando ya bawaba. Kome wa ziwani ana makovu mawili, moja kila upande, na mng'aro wa lulu. Sasa pitisha ukucha kwenye bawaba. Ukikwama kwenye meno, huenda ni Coelatura (haya ni majina ya kisayansi). Bawaba ikiwa laini na kombe ni refu jembamba, ni Mutela. Corbicula ni kadogo, ka pembetatu, kenye mistari inayofuata ukingo. Mistari ya pepeo hutoka bawabani kama vijiti vya mwavuli. Etheria hugandamana na mawe na haina umbo maalumu, kwa hiyo itafute penye miamba, si kwenye mchanga.

Konokono mshike ncha juu, mdomo ukikutazama. Hapa ndipo wengi hukosea: ukimshika ncha chini, kulia hugeuka kushoto na jina lote linaharibika. Mdomo kulia: Pila, mviringo na mkubwa kuliko wote; Bellamya, wa umbo la pia; Melanoides, mwembamba kama skrubu. Mdomo kushoto: Lanistes akiwa mkubwa na mnene, Bulinus akiwa mdogo mwenye gamba jepesi linalovunjika ukilibana. Aliyelala bapa kama kamba iliyozungushwa, bila ncha yoyote, upana kama sentimita moja, ni Biomphalaria. Huyo ndiye mbeba kichocho cha tumbo. Ukimwona hai kwenye majani, watoto wasiogee hapo.

Chukua yaliyo tupu tu. Pila hufunga mlango wake kwa kifuniko kigumu na kuonekana amekufa. Ukimweka kwenye kopo, siku ya tatu nyumba nzima itajua.

Nyumbani, loweka usiku mmoja kwenye maji ya sabuni, kisha sugua kwa mswaki mzee. Siki na ndimu hapana, kwani asidi hula chokaa ya gamba na mng'aro hufa. Jiki nayo hutoa ile ngozi ya kahawia ya nje, na rangi hiyo ni sehemu ya utambulisho. Kausha kivulini. Kome akianikwa juani pamoja na omena hupasuka, kwa maana ngozi hiyo hujikunja ikikauka na kuvuta gamba. Akikauka, mpake vaselini kidogo sana kwa kidole.

Weka kila aina kwenye kiberiti chake, na karatasi ndani yenye tarehe, mahali na kama palikuwa mchanga, mawe au magugu. Andika kwa penseli. Biro ikipata unyevu hutapakaa.